Bwana Makadirio Anaagwa Jumamosi

Bw. Philemon Kimeli, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu na Makadirio katika Kiwanda cha Chai cha Kaplelmet, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kukitumikia kiwanda hiki kwa miaka thelathini na mitano. Aliingia langoni akiwa na nywele na suruali ya kitambaa kizito. Anatoka na suruali.

Kwa desturi wasifu kama huu huandikwa na mtu wa kitengo cha mstaafu. Kitengo cha Mzee Kimeli kilikuwa na watu wawili. Mmoja ndiye huyu tunayemuaga. Wa pili, Valary Oyaro, mkataba wake uliisha mwezi wa tano na haukurudiwa. Basi Joan wa ofisi ya wafanyakazi akanijia mimi, Kipkurui, dereva mkuu, akaniambia, "Wewe ndiye unamjua. Lakini tafadhali andika kitu cha kufurahisha, watu watakuwa wanakula." Nimejaribu. Shule tuliachana darasa la saba, kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini nimepeleka chai ya kiwanda hiki Mombasa na Kampala, na nimelala Juba kwa amani. Mtu aliyelala Juba hawezi kushindwa na kurasa chache.

Kazi ya Mzee Kimeli ilikuwa kutuambia, kila jioni, kesho majani mabichi yatatoka kiasi gani katika kila kituo cha kupimia. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniambia niwashe lori ngapi na nizielekeze wapi. Jani likishachumwa halingoji mtu. Likikaa kwenye gunia mpaka joto liingie, linaungua, linageuka jekundu, na mkulima anaambiwa arudi nalo nyumbani. Ng'ombe mwenyewe akipewa analinusa na kuangalia kando. Kwa hiyo anayejua lori liende wapi ameshika riziki ya watu mkononi, hata kama anakuja kazini na sweta ya kufumwa na mke wake.

Alipoanza, kazi hiyo iliitwa takwimu na hakuna msichana aliyegeuka kuitazama. Alifanya kwa penseli na karatasi ndefu za mashine, zile zenye matundu pembeni. Miaka ikaenda, kompyuta zikaja, na siku moja redio ikasema kazi hiyo sasa inaitwa sayansi ya data na ndiyo kazi tamu kuliko zote duniani. Mzee Kimeli alisikia habari hiyo akiwa kwenye lori langu. Akatazama sweta yake, akaniuliza kama naona utamu wowote. Nilimwambia ukweli, kwa sababu sisi ni marafiki.

Alikosea pia, na akikosea hakuna aliyemficha. Kuna siku alikadiria mavuno makubwa upande wa msituni. Nikapeleka lori zote nilizokuwa nazo. Saa nane mvua ya mawe ikashuka, ile ya kwetu ambayo haigongi mlango, ikachana michai mpaka ikabaki vijiti. Tulirudi bila jani. Madereva wakajaza ndoo mawe ya barafu, wakaiweka juu ya meza yake: "Mkubwa, haya ndiyo makadirio yako. Pima haraka kabla hayajayeyuka." Akayapima! Akaandika uzito, akaandika saa, akaturudishia ndoo na asante. Hapo ndipo nilipojua mtu huyu hatumwezi.

Lakini kosa lililomtengeneza ni la Mlimani, na wazee wa kiwanda wanalijua, naye mwenyewe huwa wa kwanza kulisimulia.

Ulikuwa mwaka wake wa pili. Meneja wa wakati ule alimpa karatasi za vituo vyote atafute palipo na uzembe. Kila siku ilikuwa mstari mmoja wenye namba yake. Majina ya siku hayakuwapo. Kijana Kimeli, digrii bado ina joto, akaona kwamba kituo cha Mlimani, upande wa magharibi, kila mstari wa saba kilo zinaanguka zinakaribia sifuri huku vituo vingine vinapima kama kawaida, halafu zinasimama tena. Akaandika ripoti kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Alisema karani wa kituo hicho, Bw. Sagini, hukosa kazini mara moja kwa wiki, na kwamba kwa uzoefu wa mahali pengine sababu yake huenda ni pombe. Sagini akasimamishwa kazi.

Nilipewa kazi ya kumpeleka Kimeli Mlimani akaangalie hali. Ilikuwa Jumamosi. Tulikuta kituo kitupu, mzani umefunikwa gunia, na hakuna hata kuku. Kimeli akaanza kuandika kwamba tatizo bado lipo. Halafu tukasikia watu wanaimba kutoka mlimani, sauti nne, tena zimepangwa vizuri. Tukafuata nyimbo mpaka kanisani. Wachumaji wote wa kituo walikuwa ndani na nguo zao nzuri, na Sagini, mzee wa kanisa, alikuwa mbele anafundisha somo la Sabato.

Kimeli ni mtoto wa Sigowet, jirani tu na hapa. Wasabato alikuwa anawajua kama sisi sote tunavyowajua, tunauziana maziwa na kuoleana. Ila karatasi haikumwambia ni Jumamosi, naye hakuuliza karatasi imetoka wapi.

Wale wanaolijua kanisa lile wanajua kwamba mgeni huambiwa asimame ajitambulishe. Kimeli akasimama na dastkoti yake, lile koti la kazi la kiwandani. Mimi nilidhani atataja jina na salamu kutoka kwao. Akasema, "Naitwa Kimeli, natoka kiwandani, na mimi ndiye nilisema mzee Sagini ni mlevi." Kanisa zima likageuka kumtazama Sagini. Kisha mama mmoja, Sellah, akapiga makofi mara moja kwa mshangao: "Sagini huyu? Huyu hata chai hanywi! Soda yenyewe anauliza kwanza imetengenezwa na nini!" Watu wakacheka mpaka pasta akakaa chini. Sagini akangoja kicheko kiishe, akasema, "Mgeni apewe kiti. Hesabu yake ilikuwa sawa. Alichokosa ni kuja." Tukala hapo mchana, na sijakula maharagwe kama yale hata Kampala.

Sagini alirudishwa kazini wiki iliyofuata. Kimeli naye akaongeza vitu viwili kwenye karatasi zake, na vilikaa hapo mpaka mwaka huu. Kimoja ni jina la siku. Cha pili ni nafasi pana mwishoni mwa mstari iliyoandikwa "Sababu", ambapo karani angeandika kwa maneno yake kwa nini kilo zimepanda au zimeshuka. Matanga. Mitihani. Daraja limeenda na maji. Sabato. Wakubwa waliopita hapa walilalamika kwamba maneno hayajumlishwi. Yeye aliwajibu kwamba anajua, na akaendelea.

Sasa nije kwenye benchi. Redio ilipotangaza ule utamu, vijana wa Kericho na Bomet wakaanza kuja. Walikuja na wazazi, walikuja na vyeti vya mtandaoni, walikuja kila Ijumaa baada ya saa kumi wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake kama watu wa kliniki, wote wanauliza swali moja: mtu afanye nini awe mwanasayansi wa data? Hakuwahi kumfukuza yeyote. Mimi nilikuwa nakaa mwisho wa benchi nikingoja makadirio ya kesho, kwa hiyo elimu hiyo ninayo yote, na bila kujisifu naweza kuitoa mahali popote.

Kijana Kiplimo alikuja na mama yake, Rebeccah. Walikuwa wameuza ng'ombe wa gredi wakanunua laptopu na masomo. Mzee akamuuliza kijana anataka kupima nini. "Data." Data ya nini? "Data tu, mzee." Mzee akanionyesha mimi kwa kidole. "Huyu ni dereva. Angeniambia anataka kuendesha tu, bila gari wala mzigo, ungemwajiri?" Kijana akacheka. Mzee akamwambia ashike kwanza kitu kimoja cha dunia, iwe chai, iwe maziwa, iwe hospitali, akijue mpaka kimchoshe, ndipo afungue laptopu. Alimwambia sehemu kubwa ya kazi ni kuchambua uchafu, kama wale akina mama wanaotoa vijiti kwenye majani, na anayechukia kuchambua atafute kazi nyingine mapema. Alimwambia ajifunze kuongea na mtu ambaye hatawahi kusoma mchoro wake, kwa maana huyo ndiye atakayeamua. Na juu ya yote, kabla ya kuamini namba, aende mahali ilipozaliwa, aulize nani alipima na siku gani.

Rebeccah alisikiliza yote kwa heshima. Halafu akasema, "Asante mzee. Sasa niambie ataandikwa kazi lini, maana zizi liko tupu."

Mzee Kimeli akachukua penseli, akaandika jina la kijana. Halikuwa jina la mwisho.

Joan, najua unasoma hapa na kalamu nyekundu. Subiri.

Miaka ya mwanzo ushauri ule ulizaa matunda. Wawili watatu walipata kazi benki, mmoja yuko kwenye mradi wa maji, mwingine alienda nje na hutuma salamu za Krismasi. Lakini vijana waliendelea kuja, na kila mwaka walikuwa wanajua zaidi. Mwaka jana msichana anayeitwa Fancy alimwonyesha kwa simu jambo ambalo Mzee alilifanya kwa wiki nzima alipoanza. Yeye alilimaliza kabla chai haijapoa. Tena alikuwa ameenda shambani, ameuliza, na siku zote za wiki zilikuwapo. Jioni ile kwenye lori Mzee akaniambia, "Kipkurui, wamefanya kila kitu nilichowaambia. Sasa niwaambie nini?" Nikamwambia awaombee. "Na kazi?" Nikabadilisha gia.

Ndiyo maana alishikilia jambo la Valary. Yeye alitoka kwenye benchi lile lile. Ni binti wa upande wa magharibi, Msabato, msomi wa sayansi ya data, na kwa miaka minne alifanya kazi kwa mikataba mifupi iliyounganishwa kama mpira wa maji uliopasuka. Makadirio yake yalikuwa mazuri kuliko ya Mzee, na Mzee ndiye aliyekuwa anatangaza hivyo kwenye kantini, kwa sauti, kama mtu anayesifu ndume wake sokoni. Mwaka mzima alipanda ngazi za ofisi kuu kuomba jambo moja tu: akiondoka, Valary akalie kile kiti. Hakuomba saa ya ukutani, hakuomba ng'ombe. Aliomba kiti kisiondolewe. Alikuwa amewaambia vijana wa kaunti mbili kwamba njia ipo, na alitaka awe na mtu mmoja wa kuwaonyesha, hapa nyumbani.

Mwezi wa tatu akajibiwa kwamba kiti kinakufa pamoja naye. Makadirio yatafanywa na programu iliyonunuliwa nje. Sasa Valary yuko mjini Kericho, kwenye duka la saiba, lile la kompyuta na intaneti. Asubuhi anawajazia watu fomu. Mchana anachora visanduku kwenye picha, kuzunguka magari ya barabara za nchi ambayo hajaiona, ili mashine ya mtu fulani ijifunze gari ni nini. Nilimpitia wiki jana. Akaniuliza hali ya mvua, nikamwambia, akashukuru kana kwamba nimemletea zawadi.

Programu yenyewe ni nzuri, na mimi si mtu wa kuchukia mashine. Mashine ndiyo imenilisha. Vijana walioileta walikuwa na adabu na viatu visivyofaa matope. Walichukua karatasi zote za Mzee. Nafasi ya "Sababu" wakaifuta, kwa kuwa programu haili maneno. Halafu programu ikatazama namba. Ikaona vituo vitatu vya upande wa magharibi, Mlimani, Makutano Ndogo na Kwa Lameck, vinaanguka kila baada ya siku sita. Ikaona pia Jumapili vinaleta kilo nyingi wakati vituo vingine vyote vimelala. Ikasema hilo haliwezekani, lazima ni makosa ya mzani, ikazifuta Jumapili zote.

Kwa hiyo wale watu, kwenye hesabu ya programu, Jumamosi hawafanyi kazi na Jumapili yao haipo. Mimi ndiye ninayebeba majani ya Jumapili hiyo. Yanavunja mgongo wa lori. Programu imeviita vituo dhaifu, na vitafungwa kuanzia Jumanne, tarehe mosi Julai. Wakulima wake watabeba majani mpaka kituo cha barabarani, kilima chote kile, na jua likiwa kali jani litafika jekundu.

Valary aliliona kabla ya mtu yeyote, wiki yake ya mwisho. Akaandaa ukurasa mmoja wenye mchoro ambao hata mimi niliuelewa. Mzee Kimeli akaupeleka kwenye mkutano. Akawasimulia wakubwa habari ya Sagini na maharagwe, na wakacheka vizuri. Kisha mmoja akasema, "Mzee, umetufanyia mengi. Sasa pumzika." Alirudi kwenye lori, akasahau kufunga mkanda. Akaniambia kosa lake yeye lilimsimamisha mtu mmoja, na ilitosha kupanda mlima kulirekebisha. "Hili limeshika milima mitatu, Kipkurui, na ofisi haina mtu wa kupanda."

Ijumaa iliyopita ilikuwa ya mwisho ya benchi. Vijana walikuja kama kawaida, hakuna aliyewaambia. Kiplimo alikuwapo, Fancy alikuwapo, na wengine ambao sikuwajua. Mzee akatoka nje akasimama mbele yao, sweta ile ile. Nilijua hotuba yake ya mwanzo kwa moyo, na nilingoja aseme washike kitu kimoja cha dunia. Akasema, "Mnajua yote ninayoyajua. Mliyo nayo yanatosha. Kiti ndicho sina." Akaketi nao kwenye benchi. Hakuna aliyeondoka. Tukakaa hivyo tukitazama michai, watu kumi na kitu wenye digrii na dereva mmoja, mpaka Fancy akaonyesha juu kwa kidole: "Mzee, basi tuhesabie hata hayo mawingu." Akayatazama vizuri. "Yatafika Jumapili," akasema. Yalifika Jumapili.

Joan, ulisema cha kufurahisha. Nakuja.

Jana nilipewa ratiba ya sherehe niikague. Ni ratiba nzuri, karatasi inang'aa, picha ya Mzee iko juu. Sherehe ni Jumamosi tarehe 28 Juni, katika ukumbi wa kiwanda. Keki itakatwa saa saba. Sala ya kufungua itaongozwa na Mzee Sagini kutoka Mlimani.

Nilisoma hapo mara mbili. Nikampigia Joan: "Mama, Sagini atakuja vipi Jumamosi?" Kamati nzima ilikaa, watu wazima, tuliofundishwa na Mzee Kimeli miaka yote hii kwamba kwanza uulize ni siku gani, na hakuna aliyeuliza. Nami nilikuwa kwenye kamati, ninyi mnanijua, nilikuwa nazungumzia nyama. Valary angeona mara moja, ila Valary hayuko hapa. Kadi zimeshachapishwa, mpishi ameshachinja mbuzi kichwani mwake, na ukumbi saa kumi una watu wa harusi. Kwa hiyo Sagini, Sellah, Valary na upande mzima wa magharibi, watu waliokuwa na haki ya kuwa mstari wa mbele, watakuwa kanisani tukimkatia Mzee keki.

Nilienda kumwambia mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaifuta miwani ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema keki atakula, hotuba atasikiliza, na watu wa harusi wakiingia ukumbini yeye atakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka jua lizame na Sabato iishe.

Lori la magharibi nitaliendesha mimi. Jua likigusa mlima nitakuwa nimeegesha nje ya kanisa la Mlimani, injini imezimwa, nawangoja waimbe ya mwisho, nipakie watu badala ya magunia, niwalete kwa Mzee. Anayetaka kubaki na Mzee kwenye benchi aje na sweta. Jumanne vituo vitafungwa vilevile, sitawadanganya. Safari hii haibadilishi hilo. Lakini angalau mara moja kiwanda hiki kitakuwa kimeangalia kalenda.

Mzee Kimeli, kwa niaba ya madereva, matanboi wanaopakia lori, makarani, watu wa boila na kila kijana aliyewahi kukalia benchi lako, asante. Asante kwa lori zisizorudi tupu, na kwa ndoo ya barafu. Msalimie mama nyumbani Sigowet, umwambie sweta ilifanya kazi. Tunakuombea siku njema huko mbele, zote saba za wiki.